Hifadhi, Sehemu na Chelezo

Katika tafsiri za maelekezo ya kipakatalishi twaona neno "hifadhi" likitwishwa mizigo mitatu: sehemu ya diski, nafasi ya urejeshaji aliyoiweka mtengenezaji, na nakala ya akiba. Kosa hili si la lugha tu. Laweza kumpotezea mtu kazi ya miaka.

Kugawa diski ni kuandika mipaka katika jedwali. Jedwali la mtindo wa MBR, lililoanza mwaka 1983 na lingalimo katika mashine nyingi za zamani, huruhusu sehemu kuu nne tu. Mtengenezaji akiwa amekwisha kuzijaza zote, msomaji atakaye sehemu yake huambiwa afute "hifadhi" moja. Ipi? Akiifuta ile ya urejeshaji bila kuitolea nakala kwanza, hawezi tena kuitumia kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani. Tena, akinakili nyaraka zake katika "hifadhi" ya pili ya diski ile ile, hudhani ameziokoa. Diski ikifa, zote hufa.

Kwa hiyo twapendekeza "sehemu" kwa mgawo, "sehemu ya urejeshaji" kwa ile ya mtengenezaji, na "chelezo" kwa nakala iliyo nje ya diski. Neno chelezo limekwisha kuingia katika matumizi, nalo lafaa mno: mabaharia wajua kuwa chelezo huelea chombo kizamapo, bali kilichopigiliwa misumari chomboni huzama nacho. Mfasiri akilishika neno hili, msomaji atanakili kazi yake kwingine kabla ya kuigusa diski.