Nyama Isiyo na Mafuta Yake

Nyama ya sungura wa porini haina mafuta. Mpishi wa Ukambani alilijua hilo kabla hajashika kisu, na ujuzi wake wote ulianzia hapo. Mbuzi huja jikoni na mafuta yake, kuku wa kienyeji ana ngozi ya kumlinda, lakini mnyama aliyeishi kwa kukimbia kutoka kichaka hadi kichaka huleta misuli mitupu: nyama nyekundu iliyokolea, kavu, yenye harufu ya majani makali ya nyika. Ukiikimbiza motoni nayo inakaza, inageuka uzi kinywani, na hapo ndipo watu husema sungura hana ladha.

Majuzi nilikuwa upande wa Zombe, mashariki ya Kitui, kwa mama mmoja mzee ambaye mgeni na mwenyeji humwita Susu, kama anavyoitwa nyanya yeyote Ukambani. Wajukuu wake wanafuga sungura wa kizungu katika vizimba vya mbao nyuma ya jiko, na siku hiyo walikuwa wamechinja mmoja. Susu akawaambia wamwachie. Alimpika sungura wa kizimbani kwa njia aliyofunzwa na mama yake kwa sungura wa porini, kwa sababu, alisema, njia nyingine haijui.

Alianza na ini. Aliliinua kwenye mwanga wa mlango, akaligeuza huku na huku akitafuta madoa meupe. Ini lenye madoa lina habari mbaya, na kwake habari hiyo haijadiliwi, nyama yote hutupwa. Hili lilikuwa safi. Akalitenga pamoja na moyo na figo, kisha akakiondoa kifuko cha nyongo kwa ncha ya kisu, taratibu, vidole vimetulia tuli. Nyongo ikipasuka, hakuna kitunguu wala ndimu itakayoifuta.

Kisha akaufikia utando. Mgongo na mapaja ya sungura yamefunikwa na ngozi nyembamba inayong'aa, ambayo wapishi wengi wa leo hawaioni kabisa. Ngozi hiyo haiivi. Ukiiacha, inajikunja kwa moto na kuibana nyama mpaka iwe ngumu. Susu aliingiza ncha ya kisu chini yake, akaidaka kwa ukucha wa kidole gumba na kuivuta, kamba moja baada ya nyingine, akiinama karibu maana macho yake yamepungua. Kazi hiyo peke yake ilimchukua muda mrefu kuliko vijana walivyochukua kuchinja na kuchuna. Mjukuu mmoja, yule wa sekondari, alimuuliza mbona anajisumbua hivyo.

"Kesho utakula," akamjibu, wala hakuinua kichwa.

Panga lilikuwa pale ukutani, hakuligusa. Alitafuta kiungo kwa kidole, akapitisha kisu katikati, mfupa ukaachana na mwenzake bila kishindo. Mifupa ya sungura ni myembamba, na ukiipiga panga inamwaga vipande vya ncha kali ndani ya mchuzi, na watoto wa kule walizoea kula kwa mwanga wa moto tu. Adabu ya kukata kwenye viungo ilitokana na kumfikiria mtoto huyo. Sijui kama kuna jambo lingine la jikoni linalonigusa kuliko hili.

Vipande vilikaa kwanza katika maji ya chumvi mpaka maji yakawa na rangi ya damu, yakamwagwa. Halafu ukaja ukwaju, ambao Kitui inao kwa wingi hata katika miaka ambayo mahindi yamekataa. Aliuvuruga katika maji ya vuguvugu, akazitoa mbegu, akaipaka nyama yote na kuifunika, ikalala usiku kucha mahali penye ubaridi. Uchachu ule hulegeza misuli na kuituliza harufu ya porini bila kuiua. Harufu hiyo haikuwa aibu. Aliyetaka nyama isiyonuka pori alimwachia sungura maisha yake.

Asubuhi chungu kilipandishwa mafigani kikiwa na mafuta ya mbuzi, yale meupe yanayozunguka figo, yaliyokatwakatwa. Yalipoyeyuka, nyama ikaingia vipande vichache vichache. Ukivijaza vyote kwa pamoja hutoa maji na kuchemka kabla havijashika rangi. Vitunguu vikafuata, kisha maji ya moto, ambayo hayakupita nusu ya kimo cha nyama. Mapaja na mabega yalitangulia. Mgongo, ambao hukauka upesi kuliko sehemu nyingine zote, aliuweka kando mpaka mapaja yalipoanza kuachia mfupa, ndipo akautia juu ya wenzake, usiguse hata kitako cha chungu. Akavuta kuni nje, akaacha makaa peke yake, akafunika. Ini alilikaanga mwisho kabisa, kwa muda mfupi tu, akalipasua na kulichanganya na mchuzi ukawa mzito.

Kando yake kulikuwa na muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, yakapikwa na mbaazi. Muthokoi nao hauna haraka. Vyakula vyote vizuri vya nchi ile vimetoka katika ardhi isiyotoa kitu kwa wepesi, nchi inayotegemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, na ambayo inaweza kuona vuli mbili zikipita bure. Wakamba wamezipa njaa zao majina, kuanzia Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19 hadi ile ya 1961, wakati chakula kilipoletwa kwa ndege. Katika miaka ya namna hiyo mnyama mdogo wa kando ya shamba hakuwa mchezo wa wavulana na mbwa wao. Alikuwa chakula cha jioni cha nyumba nzima, na mama aliyempika vibaya alikuwa amewanyima watu wake mara ya pili.

Na sungura wa porini ni mnyama wa kando ya shamba kweli. Hachimbi shimo kama ndugu yake wa kizungu, hulala kwenye kibonde kidogo cha nyasi juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Wakubwa wa pori waliondolewa. Kati ya 1944 na 1946, serikali ya kikoloni ilipotaka kuifyeka Makueni ili watu wahamie, mwindaji wake J. A. Hunter aliua faru wanaokaribia elfu moja katika vichaka vile. Faru wakaisha, sungura akabaki, kwenye kunde za watu, karibu na milango yao.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza adhabu. Naiheshimu marufuku hiyo. Nimeona nyaya za mitego zilivyoimaliza Nyika, na simwombi mtu yeyote arudi kutega. Lakini sheria ilikataza mtego, haikukataza ukwaju. Haikumwambia mtu asitoe utando, wala asitenge mgongo. Hayo tuliyaacha wenyewe, siku ile ile tulipomwacha mnyama, kana kwamba maarifa nayo yalikuwa nyara ya serikali.

Kuna jambo jingine lililokuwa ndani ya chungu kile, nalo ni muda. Nyama iliyohitaji makaa ya taratibu iliwaketisha watu pamoja wakiwa na njaa, na watoto wenye njaa hutulizwa kwa hadithi. Nilikulia katika hadithi hizo. Sungura alikuwa humo, mjanja, mdogo, akimshinda fisi na simba kwa akili, huku nyama yenyewe ya sungura ikitokota mbele yetu, na hakuna mtoto aliyeona ajabu. Tulicheka alipoponyoka katika hadithi, tukamla usiku huo huo kwa heshima ya mtu tuliyemfahamu. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango hapa Kitui, alizikusanya ngano za Wakamba zikatoka kitabuni mwaka 1966, na kila nikikishika kitabu hicho nashukuru kwamba alifanya hivyo wakati wasimulizi wangalipo. Hakuna aliyefanya hivyo kwa wapishi.

Sasa ingia hoteli yoyote njiani, kuanzia Wote hadi Mwingi, uagize sungura mahali wanapomwuza. Utaletewa vipande vilivyokatwa kwa panga, mifupa imesagika, vimetumbukizwa katika mafuta yanayochemka na kunyunyiziwa unga wa pakiti wenye ladha moja kwa kila nyama. Unaweza kufumba macho usijue kama ni kuku. Wenyeji wanasifu kwa maneno hayo hayo, "ni kama kuku tu," na mimi huumia kuyasikia, kwani nyama ya nchi hii haikuwahi kuomba iitwe nyingine.

Hata moto wenyewe umebadilika. Miti ya makaa mazito imepakiwa kwenye magunia kwenda Nairobi mwaka baada ya mwaka, mpaka kaunti ya Kitui ikapiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018. Mabaki ni vijiti vinavyowaka ghafla na kuzimika, na sufuria nyembamba ya alumini haina uvumilivu wa chungu. Vyungu vyenyewe nimeviona vikiuzwa kando ya barabara vikiwa vimetobolewa kitako, tayari kwa maua.

Kinachonisikitisha zaidi kiko kwenye vizimba. Kote Makueni na Kitui watu walihimizwa kufuga sungura, wakafunzwa ukubwa wa kizimba, majani ya kulisha, dawa na jinsi ya kupandisha. Kumpika hawakufunzwa. Kwa hiyo mama ananunua mmoja, anamkaanga kama alivyozoea kukaanga kuku, watoto wanasukuma sahani, naye hanunui tena. Nawajua majirani waliofuga kwa matumaini makubwa na ambao leo wanyama wao wanazeeka vizimbani bila mnunuzi, ilhali maili chache tu kutoka kwao yupo mama anayeweza kuifanya nyama hiyo iachie mfupa kwa kuguswa. Susu hajawahi kualikwa kwenye semina hata moja. Wajukuu wake watatu walikula wakamaliza, yule wa sekondari akaomba mchuzi zaidi. Nilipomuuliza kama atajifunza, alisema shule zikifungwa atajaribu, lakini Desemba hiyo anatarajia kwenda Nairobi kwa mjomba wake.