Hitimisho la Insha ya Kiingereza na Mwanafunzi wa Hagadera

Anayeuliza hitimisho la insha ya Kiingereza liwe na urefu gani hujibiwa upesi: sehemu moja ya kumi ya insha nzima. Katika shule za sekondari za Kenya jibu hili lina asili inayojulikana, ingawa ni nadra kutajwa. Insha juu ya vitabu teule katika karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE hutahiniwa kwa alama 20. Katika mgao uliozoeleka, utangulizi hupewa alama 2, maudhui 12, lugha 4 na hitimisho 2. Karatasi hiyo ina maswali matatu kwa muda wa saa mbili na nusu. Kila swali basi lina dakika 50, na iwapo muda utafuata alama, hitimisho lina dakika tano. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kipimo hiki ni cha mtahini, wala hakikutokana na utanzu wenyewe wa insha, na kwamba anayevichanganya viwili hivi humpunja mwanafunzi.

Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Hagadera kwa sababu huko uzito wake hauwezi kupuuzwa. Kambi hiyo ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na Dadaab katika Garissa, ina wakazi ambao wengi wao ni Wasomali, na watoto wao wamesomeshwa kwa mtaala wa Kenya. Kwa kijana ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutoka kambini bila kibali, cheti cha KCSE kimekuwa mojawapo ya milango michache ya kupitia. Mpango wa WUSC wa kuwadhamini wanafunzi wakimbizi katika vyuo vikuu vya Kanada, ulioanza mwaka 1978, umewachukua vijana kutoka Dadaab kwa kutazama matokeo yao. Alama mbili si haba hapo. Mwalimu anayewakaririsha wanafunzi mistari mitatu au minne ya kufungia insha hastahili lawama, anawalinda. Tatizo huanza sheria hiyo inapofuatana na mwanafunzi hadi chuo kikuu. Tangu mwaka 2013 mradi wa BHER, uliovishirikisha vyuo vikuu vya York, British Columbia, Kenyatta na Moi, umepeleka masomo ya chuo kikuu Dadaab kwenyewe. Msomaji wa insha katika ngazi hiyo anataka kujua hoja zimemfikisha mwandishi wapi. Kuorodheshewa upya hoja alizokwisha kuzisoma hakumfai kitu.

Tukirejea kwa Waingereza wenyewe, tutaona kwamba sheria ya sehemu moja ya kumi haina mashiko. Insha ya Francis Bacon kuhusu masomo, katika toleo la 1625, haina hitimisho kabisa: inataja udhaifu wa akili na tiba ya kila udhaifu, kisha inakoma. Jonathan Swift, katika pendekezo lake la kejeli la mwaka 1729 kuhusu watoto wa maskini wa Ireland, anafanya kinyume chake. Aya yake ya mwisho inaleta jambo jipya: msemaji anaapa kuwa hana faida yoyote ya kupata, kwa kuwa mtoto wake wa mwisho ana miaka tisa na mkewe amepita umri wa kuzaa. Ni katika aya hiyo ndipo kejeli inapouma kupita kote. Kwa kanuni za darasani mmoja angepoteza alama kwa kutohitimisha na mwingine kwa kuleta hoja mpya mwishoni.

Mwanafunzi wa Hagadera naye haji mikono mitupu. Katika ushairi wa Kisomali, hasa gabay, sehemu ya kufungulia huitwa arar na ya kufungia huitwa gebagebo. Aidha, mashairi mengi ya Kisomali yametungwa katika minyororo ya majibizano, kama ule wa Deelley ulioanzishwa na Maxamed Xaashi Dhamac 'Gaarriye' mwaka 1979, ambamo kila shairi lilimtaka mwingine ajibu. Tamati ya shairi la namna hiyo huacha neno mikononi mwa mpinzani. Iko mbali pia na tamati ya tendi zetu za Kiswahili, ambamo mtunzi aghalabu huomba dua, akataja jina lake, tarehe na hata idadi ya beti, bila kubana maneno. Ajabu ni kwamba mwanafunzi mwenye urithi wa gabay huambiwa kuwa hajui kuhitimisha, eti kwa sababu anamalizia kwa swali au kwa changamoto.

Tuchukue mfano wa *A Doll's House* ya Ibsen, ambayo imewahi kuwa kitabu teule cha KCSE. Mwanafunzi anaulizwa kuhusu madhara ya udanganyifu. Anajadili mkopo wa Nora, saini ya kughushi na barua ya Krogstad, kisha anafunga kwa mistari mitatu inayotaja mkopo, saini na barua. Amepata alama zake, lakini bado hajasema iwapo Nora anapoondoka anaukimbia uongo wake mwenyewe au ule wa Torvald. Kulijibu hilo kunaweza kuhitaji sentensi moja au aya mbili. Mwaka 1880 Ibsen alishurutika kuandika mwisho mwingine kwa jukwaa la Ujerumani, ambamo Nora anapelekwa penye mlango wa watoto wake na anashindwa kuondoka. Ni maneno machache mno, na Ibsen mwenyewe aliyachukia, kwa maana yaliigeuza tamthilia nzima. Mwalimu wa Hagadera aliyebakiwa na kipindi kimoja baada ya mazoezi ya mtihani anaweza kuisoma miisho hiyo miwili pamoja na darasa lake, kisha akawaachia wanafunzi waamue wenyewe aya zao za mwisho zinahitaji mistari mingapi.