Nunua Bastola, Usinunue Hadithi
Cherehani ya shosho ilikuwa Singer. Basi niliposoma kwamba kampuni hiyo ilitengenezea jeshi la Marekani bastola 500 za M1911A1 mwaka 1941, nilinaswa. Kwa wakusanyaji hizo ni dhahabu, ndiyo maana feki zimejaa.

Maelezo ya wauzaji nayasoma kama hadithi fupi: babu, vita, sanduku chini ya kitanda. Msimulizi mtamu, ushahidi zii. Wakusanyaji wenyewe huonyana: nunua bastola, usinunue hadithi. Wanaanza na chuma. Namba iko kati ya S800001 na S800500? Alama ya mkaguzi, JKC, ipo? Herufi zimechakaa sawa na chuma kinachozizunguka, ama zimegongwa juzi?

Hata ikipita mtihani huo, rekodi za kiwanda au jeshi mara nyingi husema silaha ilipelekwa wapi na lini. Hazisemi ilikaa kiunoni mwa nani. Kwenye pengo hilo ndipo muuzaji huchomeka komando wake.

Mimi sichukii hadithi. Ndizo kazi yangu. Lakini anayepandisha bei kwa jina la askari alete karatasi ya wakati ule yenye jina hilo na namba ya bastola pamoja. Bila hiyo ametuandikia fasihi, na anatutoza bei ya ushahidi.