Bendera Mbili, Kitabu Kimoja

Januari 1943 Felice Benuzzi na Waitaliano wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki, wawili kati yao, Benuzzi akiwemo, wakapanda hadi Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote wakajirudisha kambini. Walitegemea hata picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama!

*No Picnic on Mount Kenya* ni kitabu kitamu, hasa njaa na baridi zikiwabana. Shida ni, mlima wake ni kama hauna wenyewe. Huku Kamenu tunauona mawingu yakikubali, na shosho zetu huuita Kirinyaga.

Desemba 1963, usiku wa uhuru, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya palepale Lenana. Hiyo baridi yake ndiyo nataka kusoma, kurasa mia tatu, kwa Kiswahili.