Shahidi na Ushahidi: Sanamu ya Mtakatifu Cecilia ya Stefano Maderno

Neno shahidi lina maana mbili katika Kiswahili. Ni mtu aliyeliona jambo kwa macho yake na awezaye kulieleza mbele ya kadhi. Tena ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya dini yake. Kiarabu, ambacho ndicho asili ya neno hilo, hutenga maana hizo kwa urefu wa irabu. Kiswahili kimezikutanisha katika umbo moja. Kiyunani nacho kilikuwa na neno la shahidi wa barazani, ambalo baadaye Wakristo walilitumia kumtaja aliyekufa kwa imani. Waandishi wapendeleao neno mfiadini wamepata neno lisilo na utata, lakini wamepoteza nusu ya maana: neno hilo laeleza sababu ya kifo, halielezi kwamba kifo chenyewe kilithibitisha kitu. Hasara hiyo hudhihirika pale inapojadiliwa sanamu ya Mtakatifu Cecilia, iliyochongwa na Stefano Maderno mwaka 1600 na kuwekwa chini ya altare kuu ya kanisa la Santa Cecilia, mtaa wa Trastevere, mjini Roma.

Kwa mujibu wa masimulizi ya kale, Cecilia alikuwa binti wa ukoo bora wa Kirumi. Alipigwa upanga shingoni mara tatu, kichwa kisikatike, akaishi siku tatu zaidi. Mnamo mwaka 821 Papa Paschal I aliuhamishia mwili wake katika kanisa hilo. Tarehe 20 Oktoba 1599, Kardinali Paolo Sfondrati alipokuwa akilitengeneza upya kanisa, kaburi lilifunguliwa. Papa Clement VIII alimtuma mwanahistoria Cesare Baronius kwenda kutazama, na tarehe 22 Novemba, sikukuu ya mtakatifu huyo, mwili ulizikwa tena. Yafaa ikumbukwe kwamba Mtaguso wa Trento, uliokwisha mwaka 1563, ulikuwa umetetea heshima ya masalio ya watakatifu dhidi ya Waprotestanti walioikana. Mwili uliosemekana haukuoza ulikuwa hoja nzito.

Maderno, kijana asiyetimiza miaka 30, alimlaza Cecilia kwa ubavu wa kulia ndani ya kidaka cha marumaru nyeusi. Magoti yamekunjwa kidogo. Mikono imenyooshwa mbele, haina nguvu. Kichwa kimefungwa kitambaa na kugeuzwa kuelekea chini, uso usionekane. Shingo tu ndiyo iliyo wazi, nayo ina mkato mwembamba wa upanga. Hakuna ala ya muziki, ingawa Cecilia ndiye msimamizi wa wanamuziki na wachoraji aghalabu humpa kinanda. Hakuna malaika wala taji. Baadhi ya watazamaji husoma katika vidole vyake, vitatu vya mkono mmoja na kimoja cha mwingine, fundisho la Utatu na Umoja wa Mungu. Huenda ni kweli, lakini sanamu haihitaji fumbo hilo, na mwenye kuhesabu vidole huisahau shingo.

Mbele ya altare, maandishi ya Kardinali yamwambia msomaji kwamba yeye mwenyewe aliuona mwili ukiwa mzima kaburini, na kwamba ameuonyesha katika marumaru kwa mlalo ule ule. Hayo ni maneno ya mtu aliyeapishwa. Hata hivyo, maelezo ya wakati ule yasema kwamba mwili ulikuwa umefunikwa utaji wa hariri ambao, kwa heshima, haukuondolewa. Kilichoonekana basi ni umbo chini ya nguo. Mbele ya kadhi, ushahidi wa namna hiyo ungehojiwa vikali: ikiwa utaji haukufunuliwa, shingo ilionekanaje?

Jibu limo katika sanamu yenyewe. Jeraha limetoka katika masimulizi, nalo halikuweza kuachwa, kwa kuwa bila hilo angekuwa msichana aliyelala tu. Lakini uso, ambao hakuna aliyeuona, msanii hakuubuni. Angeweza kumpa uzuri wa kawaida wa watakatifu wa Roma, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliuficha, na mikunjo ya kitambaa ikawa mahali ambapo shahidi hunyamaza kwa kuwa hana la kusema. Kwa hiyo wale wanaoisifu kama nakala halisi ya kilichokuwamo kaburini huisifu kwa sababu isiyo yake. Uaminifu wake umo katika kile kilichokataliwa kuchongwa.

Tofauti yaonekana wazi katika Mtakatifu Teresa wa Gian Lorenzo Bernini, aliyechongwa kati ya 1647 na 1652 kwa kanisa la Santa Maria della Vittoria, mjini humo humo. Huko uso ndio kila kitu: kichwa kimeanguka nyuma, kinywa ki wazi. Hata mashahidi wamechongwa. Watu wa ukoo wa Cornaro wamewekwa ukutani kama watazamaji wa tamasha. Ustadi huo hauna mfano, ila mtazamaji hana kazi iliyobaki. Kwa Cecilia hakuna aliyechongwa kutazama. Anayetaka kuona hana budi kuinama chini ya altare, na hata akiinama hupewa kisogo.

Maderno aliishi hadi 1636 na kulifanyia kazi kanisa la Santa Maria Maggiore na mengineyo. Jina lake litajwapo, aghalabu ni kwa sababu ya kazi hii ya ujana.