Fundi wa Ndani ya Madigadi

Miongoni mwa kazi ambazo uzuri wake hauonwi na mpita njia, wala hautajwi na dalali anapolisifu gari lake sokoni, iko kazi ya kuvisha upande wa ndani wa madigadi ya pikapu kinga ya mpira au ya plastiki, ili matope na kokoto zirushwazo na gurudumu zisilifikie bati. Watu husifu rangi, husifu injini, husifu hata kitambaa cha viti. Lakini katika pwani ya Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi Homa Bay upande mmoja na hadi Usenge upande wa pili, umri wa pikapu aghalabu huamuliwa mahali ambapo jicho halifiki mpaka mtu apige magoti.

Sababu ya jambo hili imo ardhini. Mtu atokaye Kisumu kwenda Ahero huukata uwanda wa Kano, ambao udongo wake mweusi wa mfinyanzi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha, au Mto Nyando ukivunja kingo zake, hunata kama ulimbo. Pikapu iliyokwenda huko kuchukua mpunga, au iliyozunguka fukwe ikipakia samaki juu ya barafu inayoyeyuka na kuchuruzika safari nzima, hurudi mjini na matope yaliyoshindiliwa juu ya magurudumu, katika zile kona ambamo mabati mawili yamekunjwa yakaunganishwa. Matope hayo kwa nje hukauka upesi, maana jua la Kisumu halina ajizi. Kwa ndani, yanapogusana na bati, hubaki na unyevu siku nyingi. Wengi hudhani kutu huletwa na mvua, ilhali mvua ipitayo na kukauka hudhuru kidogo tu: kinachokula chuma ni unyevu uliotulia, na hukila kwa pupa zaidi pale ambapo hewa hulifikia bati upande mmoja na kunyimwa upande wa pili. Ziwa letu ni la maji matamu. Hatuna, kama wenzetu wa Mombasa, chumvi ya bahari ya kuitupia lawama.

Chuma si mgeni katika nchi hii. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, wahunzi wa Samia walikuwa wakiyeyusha mawe ya vilima vyao na kufua majembe yaliyouzwa kandokando ya ziwa na hata kutolewa mahari. Jembe lilifuliwa ili liingie topeni. Kazi ya mafundi wa leo wa jua kali, wale wa Kibuye na Kondele, ni kulitenga bati na tope lile lile, na nathubutu kusema kwamba kazi hii ya pili yataka busara zaidi.

Kwanza fundi huinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya vigogo, akatoa gurudumu, kisha akaosha na kukwangua mpaka chuma chenyewe kionekane. Hapo husubiri, na kusubiri huko ndiko mteja asikokupenda. Lakini fundi mwenye heshima yake hatapaka rangi juu ya bati lenye unyevu, hata aambiwe kwamba abiria wamekwisha kaa nyuma. Bati likikauka hulipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha huchukua katoni kuukuu akakata kielelezo, akikijaribu na kukipunguza, kabla hajagusa plastiki yenyewe, ambayo mara nyingi ni ubavu wa pipa lililokwisha kazi, uliopashwa moto kidogo ili ukubali kupinda.

Sasa twafika mahali ambapo fundi hupambanuka na mbabaishaji. Mteja, kwa kuhofu matope, husema, "Fundi, ziba kote, kusibaki hata tundu." Na fundi hujibu kwa upole, "Mzee, nikiziba kote, maji yakiingia yatatokea wapi?" Maana matope lazima yatapenya, kwa ufa huu au ule, na kinga iliyozibwa pande zote huyafungia pamoja na bati, ikawa ni afadhali kutokuwa nayo kabisa. Kwa hiyo fundi huacha nafasi upande wa chini, akaielekeza nyuma, mbali na mkondo wa gurudumu, ili kila kiingiacho kipate njia ya kushuka. Nafasi hiyo haina kipimo kilichoandikwa. Hupatikana kwa kuijua njia ambayo gari litapita: la mbeba mchanga hutaka njia pana, la karani asiyetoka mjini huridhika na nyembamba.

Hupima pia mambo mengine ambayo mteja hayafikirii. Huzungusha usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto, atazame kama mpira wa gurudumu utaikwaruza kinga. Hukumbuka kwamba pikapu tupu si pikapu iliyobeba magunia, kwani springi zikilala gurudumu hupanda. Hutumia matundu yaliyomo tangu kiwandani kadiri awezavyo, kwa kuwa kila tundu jipya la keekee ni mlango mpya wa kutu, na kichwa laini cha bolti hukielekeza kwenye gurudumu, nati ikajificha nyuma.

Nimewasikia watu wakiulalamikia ujira wa kazi hii, kwa hoja kwamba ni plastiki kuukuu tu, na sijui wao humlipa daktari kwa uzito wa vidonge. Lakini hata katika kufunga, fundi huyu huchagua lililo zito kwake. Angeweza kupiga ribiti akamaliza mapema. Yeye hufunga bolti, kwa sababu mvua za masika zikisha, kinga hupasa kufunguliwa na nyuma yake kuoshwa, na amejua kwa mazoea kwamba wateja wengi hawatarudi kwake kwa kazi hiyo. Basi bolti zote huzichagua za kipimo kimoja, ili atakayezifungua, awe mwenye gari au fundi mwingine wa ng'ambo ya barabara, asihitaji ila spana moja ya namba 10.