Unga wa Atta Haukandwi Kama Boflo

Watu wengi hapa Mpendae, Unguja, wanaojaribu kuchoma mkate wa ngano nzima nyumbani huanza na kipimo cha boflo, mkate wa unga mweupe, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Wanatia maji mpaka donge liache kushika mkono, wanalikanda kwa nguvu, wanalingoja liumuke mara mbili ya kimo chake, kisha wanalitia motoni. Kinachotoka ni mkate mfupi, mzito, unaomeguka ukiguswa na kisu, na lawama zote inabebeshwa hamira. Hamira haina kosa. Mkate huu si wa ukoo wa boflo. Nduguze ni mkate wa ufuta na mkate wa kumimina, ile inayotaka rojo la maji, muda wa kutulia na moto wa juu. Anayeweza kupika hiyo ana ujuzi wote unaohitajika, ila hajauhamishia kwenye atta, unga wa ngano nzima.

Tuanze na unga wenyewe, maana nusu ya kazi inaamuliwa dukani. Punje ya ngano ina sehemu tatu: pumba la nje, karibu asilimia 14 ya uzito, kiini cha kuotea, asilimia 2 au 3, na sehemu nyeupe ya ndani yenye wanga na protini, ambayo ndiyo iliyobaki yote. Unga mweupe ni hiyo sehemu ya ndani peke yake. Vinu vya roli za chuma, vilivyoenea Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1870, ndivyo vilivyoufanya uwe rahisi kwa kila mtu: roli zinakibana kiini chenye mafuta kikawa bapa, kikachekechwa pamoja na pumba.

Unguja hailimi ngano, kwa hiyo tunachagua katika kinacholetwa. Sokoni Mwanakwerekwe au Darajani utaona ngano ya punje, na wako wanaoinunua wakaipeleka mashineni wakiamini wamepata ngano nzima. Wengi wao wamenunua ngano ya boko boko. Hiyo imeshakobolewa ili iive laini na nyama, na pumba lake limeshakwenda. Ukiisaga utapata unga mweupe uliosagwa vibaya. Itazame punje: yenye pumba ina rangi ya kahawia na inang'aa kidogo, iliyokobolewa imepauka na haing'ai. Na rangi ya mkate wa dukani si ushahidi pia, kwa kuwa sukari iliyounguzwa inaweza kuupaka mkate mweupe kahawia yoyote unayoitaka. Soma maandishi ya pakiti.

Kilicho rahisi kupata ni atta ya pakiti, na atta ina tabia yake. Ni unga wa asili ya Bara Hindi, uliotengenezwa kwa ajili ya chapati, na kwa desturi husagwa kwa mawe. Mawe hayo yanasaga laini sana kwa msuguano na joto, na chembe nyingi za wanga hupasuka. Chembe iliyopasuka hunywa maji mengi kuliko iliyo nzima. Ongeza pumba, ambalo nalo linakunywa, lakini polepole. Matokeo yake ni unga unaokudanganya: ukishaukoroga unaona umelowa vya kutosha, na baada ya nusu saa umekuwa mkavu kwa sababu pumba limekamilisha kiu yake. Mtu aliyekanda donge likawa zuri dakika ya kumi anatia motoni donge lenye kiu, na mkate unaokauka kutoka ndani hauwezi kupanda.

Basi maji. Kwa gramu 500 za atta tia gramu 400 za maji, yaani asilimia 80 ya uzito wa unga. Boflo hutosheka na 60 na kidogo. Litakuwa rojo zito linalonata, na mkono wa mtu aliyezoea boflo utataka kuongeza unga. Usiongeze. Changanya unga na maji tu, bila chumvi wala hamira, ufunike, uache saa nzima. Katika saa hiyo pumba linalainika, na gluteni, ule utando wa protini unaozuia hewa isitoke, unajijenga wenyewe bila mtu kukanda. Hili la pumba kulainika ni kubwa. Vipande vyake vikavu vina ncha kali na kila unapokanda vinaukata utando unaoujenga. Ndiyo maana kukanda atta kwa nguvu kunaudhoofisha mkate badala ya kuutia nguvu.

Baada ya saa, tia gramu 10 za chumvi, pamoja na hamira kwa kipimo nitakachokitaja hapa chini. Kisha lowesha mkono kama anavyofanya mpishi wa mkate wa ufuta, shika ukingo wa rojo, uvute juu, ulikunjie katikati. Zungusha bakuli ufanye hivyo pande zote nne. Rudia kila baada ya nusu saa, mara tatu. Hakuna kukanda kwingine.

Kiini cha ngano kina kitu kiitwacho glutathioni, ambacho hulegeza gluteni, na kwa kuwa unga mweupe hauna kiini, mpishi wa boflo hakijui kabisa. Kijiko cha chai cha maji ya ndimu kinasaidia, kwa sababu vitamini C iliyomo hupunguza nguvu yake. Na sehemu ya maji inaweza kuwa tui. Mafuta ya nazi huulainisha moyo wa mkate na kuuchelewesha kukauka. Lakini liwe tui la pili, jepesi, na lihesabiwe ndani ya zile gramu 400. Kasimile, yaani tui la kwanza, ni zito mno. Linaulemea mkate huu ambao umeshabeba pumba.

Vitabu vingi vya mapishi ya mkate vimeandikwa kwa jikoni zenye joto la nyuzi 20 au 22. Mpendae wakati wa kaskazi jikoni hufika 30 na kuzidi, na katika joto hilo hamira inafanya kazi karibu mara mbili kwa kasi. Atta nayo ina vimeng'enya na madini zaidi ya unga mweupe, kwa hiyo huchachuka haraka zaidi. Ukitia kijiko kizima cha chai cha hamira kavu, donge litapanda na kuporomoka kabla makaa hayajashika. Nusu kijiko cha chai kinatosha, pamoja na maji ya mtungini yaliyopoa. Wakati wa kusi unaweza kuongeza kidogo. Wala usilingoje lifike mara mbili ya kimo chake. Likipanda kwa nusu tu, limimine kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta, ulisawazishe kwa mkono wenye maji, unyunyizie ufuta, ulipe dakika 40 nyingine. Utando wa mkate wa atta hauna nguvu za akiba. Ukiuvuta mpaka mwisho wake bakulini, motoni hauna tena cha kupandia.

Moto ndio sehemu ninayoipenda zaidi. Oveni ya umeme ni kitu kizuri, lakini kisiwa hiki kinapata umeme wake kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Njia hiyo ilipoharibika, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima kuanzia Mei 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Seredani, jiko la makaa, haikuzimika.

Na kwa mkate huu seredani haina upungufu, ikiwa moto umegawanywa sawasawa. Makaa ya chini yawe theluthi moja, yasukumwe pembeni yasikae katikati ya kitako. Ya juu yawe theluthi mbili, yapaliwe juu ya mfuniko wa chuma. Sababu yake ni kwamba chini chuma kinagusa mkate na joto linapita moja kwa moja, wakati juu kuna nafasi ya hewa, na joto la makaa linapenda kupanda kwenda zake. Mkaa ni bora kuliko vifuu hapa. Vifuu vina moto mkali wa muda mfupi, vinafaa kuchangamsha makaa ya juu dakika za mwisho ganda lipate rangi.

Dakika 20 za mwanzo usifunue. Rojo lenye maji mengi hutoa mvuke, na mvuke uliofungiwa ndani ya sufuria huliweka ganda laini ili mkate uendelee kupanda mpaka hamira ife, kwenye nyuzi 55 hadi 60. Mwenye oveni itambidi aweke trei ya maji ya moto ili apate kitu hicho hicho. Mkate wa gramu 500 za unga huchukua dakika 45 hadi 50. Ukiugonga chini unatoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 95 katikati.

Wengi wanaoniuliza habari za mkate huu wameambiwa na daktari wapunguze sukari mwilini, na wana haki ya kuambiwa ukweli. Katika jedwali la kimataifa la kasi ya vyakula kupandisha sukari ya damu lililochapishwa mwaka 2008, mkate mweupe ulipata wastani wa 75 na wa ngano nzima 74. Tofauti hiyo ni kama hakuna, maana unga umesagwa laini kwa mikate yote miwili. Faida ya ngano nzima iko kwenye nyuzinyuzi, zaidi ya gramu 10 kwa kila gramu 100 za unga dhidi ya 3 hivi za mweupe, na kwenye madini ya pumba. Mwenye kisukari bado anapaswa kuhesabu vipande.

Madini hayo pia yana kizuizi. Asidi ya fitiki iliyomo ndani ya pumba hushika chuma na zinki zisipite mwilini. Kulowesha unga na kuuchachua polepole huipunguza, kwa hiyo ile saa ya kutulia na hamira kidogo vinamfaa mlaji pia.

Mkate ukitoka, uweke juu ya kitu kinachopitisha hewa chini na uuache saa mbili walau. Wanga wake bado unashikana. Ukiukata ukiwa moto, kisu kitatoka na utelezi na utadhani haujaiva. Unyevu wa kisiwa unaleta ukungu upesi, kwa hiyo kitakachobaki siku ya pili ukikate vipande uvitie kwenye friza. Atta iliyobaki nayo ina mafuta ya kiini, na kwa joto letu huanza kuvunda mapema kuliko unga mweupe. Nunua kilo moja au mbili, uifunge vizuri kwenye friji, na uinuse kabla ya kupima. Ikiwa na harufu ya mafuta ya zamani au ladha ya uchungu ulimini, hakuna kipimo cha maji kitakachouokoa mkate wake.